Miwani ya uhalisia pepe au msindikizaji wa mitaani: kipi kimfae kijana wa Malindi anayepona saikosisi

Kijana aliyepatwa na saikosisi, yaani maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, au ashikilie imani nzito isiyo na msingi kwamba anaandamwa, aghalabu hupata nafuu ya dalili kabla ya kurudi miongoni mwa watu. Dawa zikishafanya kazi, sauti hupungua na usingizi hurejea, lakini miezi hupita naye bado yumo chumbani, hatoki ila giza likiingia, na wenzake wa Maweni au Kisumu Ndogo wameshazoea kutomwona barazani. Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu hospitali imeshatimiza sehemu yake iliyo wazi zaidi, na hakuna aliyewaeleza kinachofuata.

Kwa hatua hiyo ya kurejea katika jamii zipo njia mbili ambazo zimefanyiwa utafiti wa kutosha kulinganishwa. Ya kwanza ni tiba ya uhalisia pepe, ambayo kijana huvaa miwani yenye skrini ndani yake, akajiona yuko dukani au ndani ya basi, na kujizoeza kuikabili hofu yake ilhali yumo chumbani. Ya pili hufanyika nje kwenyewe: mtu aliyefundishwa humfuata kijana nyumbani, akatoka naye hadi sokoni, uwanjani au kazini, hatua kwa hatua, kwa miezi kadhaa. Uchaguzi huu si wa kinadharia tena. Miwani hizo zimeshuka bei, na Malindi ni mji ambao familia nyingi zina ndugu Italia au Uingereza anayeweza kununua moja na kuileta anapokuja likizo, na vikundi vya vijana navyo huulizwa na wafadhili vinahitaji vifaa gani.

Rai yangu naitoa mapema ili msomaji aipime na yatakayofuata. Kwa vijana wengi wa hapa, fedha na muda viende kwanza kwa mtu wa kutoka naye, na miwani iwe chaguo la wale ambao hofu imewafunga ndani kiasi kwamba hata kufika mlangoni hawawezi. Na kwa yule asiyelala kabisa, anayekataa kula, au anayetaja kujidhuru au kumdhuru mtu, hakuna la kuchagua kati ya haya mawili: huyo anahitaji hospitali kwanza, na mambo ya kurejea barazani yatangoja.

Miwani hufanya nini, na imethibitika kwa kiasi gani

Kutumia uhalisia pepe kutibu hofu si jambo la jana. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la kutibu kwa njia hiyo hofu ya kuwa mahali pa juu, na kanuni yake ni ile ile hadi leo. Mwili wa mtu huogopa hata akijua kwamba anachokiona kimetengenezwa na kompyuta: moyo humwenda mbio na viganja humtoka jasho. Kwa kuwa hofu hiyo ni ya kweli, kujifunza kwamba hakuna baya lililotokea nako huwa ni kujifunza kwa kweli. Faida yake kwa mwenye saikosisi ni kwamba mandhari inaweza kupimwa kama dozi. Leo wawekwe watu wawili dukani, kesho watano, na keshokutwa mmoja wao ageuke amtazame. Mtaa wa kweli haukubali kupangwa hivyo.

Jaribio linalotajwa zaidi ni gameChange, lililoongozwa na Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na kuchapishwa katika jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2022. Wagonjwa 346 wa saikosisi nchini Uingereza, wote wakiwa na shida ya kutoka nje kwa sababu ya hofu, waligawanywa kwa kura: 174 walipewa tiba ya miwani pamoja na huduma yao ya kawaida, na 172 wakaendelea na huduma ya kawaida peke yake. Tiba yenyewe ilikuwa fupi, vikao sita hivi vya takriban nusu saa, na ndani ya miwani mlikuwa na mandhari sita, nazo ni mkahawa, duka, baa, barabara, chumba cha kungojea daktari na basi. Mwelekezaji alikuwa mhusika wa kompyuta anayezungumza humo humo ndani, na kwa hiyo mhudumu aliyekaa kando hakulazimika kuwa mwanasaikolojia.

Baada ya wiki sita, waliotumia miwani walikuwa wakikwepa mahali pa watu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, na dhiki yao ilikuwa imepungua. Lakini kwa wastani tofauti hiyo ilikuwa ndogo, na kufikia mwezi wa sita ilikuwa imefifia kwa kundi zima. Waliobaki na faida ya dhahiri ni wale walioanza na hofu kali kupindukia, ambao hata shughuli nyepesi za nje zilikuwa zimewashinda. Ndiyo maana mwaka 2023 taasisi ya NICE, inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza juu ya tiba za kugharimia, ilipokubali tiba hiyo itumike huku ushahidi zaidi ukikusanywa, iliielekeza kwa watu wa miaka 16 na zaidi wenye saikosisi pamoja na hofu kali ya kutoka nje. Haikuielekeza kwa kila mwenye saikosisi, na tofauti hiyo hupotea haraka sana habari inaposafiri kutoka jarida la kitabibu hadi kundi la WhatsApp la ukoo.

Utafiti wa Uholanzi ulioongozwa na Roos Pot-Kolder, uliochapishwa mwaka 2018, una funzo jingine ambalo naona ndilo kiini cha ulinganisho huu. Wagonjwa 116 walishiriki, na waliopewa tiba walipata vikao visivyozidi 16 vya saa moja kila kimoja, wakiwa na mtaalamu aliyewaongoza barabarani, ndani ya basi, mkahawani na dukani, vyote vikiwa ndani ya miwani. Wasiwasi wao na shuku zao kwa watu vilipungua, na nafuu hiyo ikadumu katika vipimo vya baadaye. Hata hivyo, muda waliokaa na watu wengine, ambao ndio hasa watafiti walitaka uongezeke, haukuonekana kuongezeka baada ya tiba kuliko wa kundi la kulinganishia. Kwa maneno mengine, kumwondolea mtu hofu ya watu hakumpi watu wa kukaa nao.

Isidhaniwe pia kwamba kila programu ya miwani ina nguvu sawa. Huko huko Uholanzi, programu iliyokusudiwa kuwafundisha wagonjwa kusoma nyuso na nia za wengine ililinganishwa, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, na programu ya kutuliza mwili na mawazo iliyotumia miwani vilevile, na haikuipita. Watafiti wa nchi hiyo wameendelea na programu nyingine iitwayo VR-SOAP, inayolenga moja kwa moja maisha ya kijamii ya vijana wenye saikosisi kwa kumchagulia kila mmoja sehemu zinazomhusu, iwe ni kukosa hamu, kushindwa kutambua hisia za wenzake, shuku na haya, kujidharau, au ugumu wa mazungumzo. Huo ni mwelekeo mzuri zaidi kuliko kumpa kila mgonjwa mandhari zile zile. Kwa upande wa usalama, majaribio haya hayakuonyesha kwamba miwani huyaamsha maradhi upya, jambo ambalo kina mama wengi huliuliza kabla ya jingine lolote.

Kutoka naye mguu kwa mguu

Njia ya pili imeelezwa kwa makini zaidi na David Fowler na wenzake wa Uingereza. Katika jaribio lao la SUPEREDEN3, lililochapishwa pia mwaka 2018, walichukua vijana wa miaka 16 hadi 35 waliokuwa wamepata saikosisi kwa mara ya kwanza na ambao, licha ya matibabu, walikuwa na chini ya saa 30 kwa wiki za shughuli yenye mpangilio. Shughuli hiyo ilihesabiwa kwa upana: kazi ya malipo, masomo, kujitolea, michezo, kazi za nyumbani na kulea watoto. Kwa muda wa miezi tisa mtaalamu alikutana na kijana nyumbani kwake au mahali alipopachagua mwenyewe, wakatafuta pamoja jambo moja lenye maana kwake, kisha wakalifuata nje huku wakiijaribu hofu yake papo hapo. Waliopata tiba hiyo waliongeza saa 8.1 za shughuli kwa wiki kuliko wenzao waliopata huduma nzuri ya kawaida peke yake. Saa nane ni siku nzima ya kazi. Katika kipimo cha mwezi wa 15 washiriki wengi hawakupatikana, hivyo hakuna hukumu ya uhakika juu ya kudumu kwa faida hiyo, na msomaji asiisahau kasoro hiyo anapoona nimeielemea njia hii.

Kwa Malindi, ushahidi wenye uzito zaidi unatoka karibu nasi, Ethiopia. Jaribio la RISE, lililochapishwa mwaka 2022, lilifuatilia watu 166 wenye skizofrenia, aina ya saikosisi inayodumu, katika eneo la mashambani la Sodo. Baadhi ya vijiji vilipata huduma ya zahanati peke yake, na vingine vikaongezewa wahudumu wa kawaida wa kijijini, wasio madaktari wala wanasaikolojia, waliopewa mafunzo na kuwatembelea wagonjwa nyumbani kwa mwaka mmoja, wakizungumza na familia, wakiwatia moyo warudi kazini, na wakikutana na wazee na viongozi wa dini ili unyanyapaa upungue. Ulemavu wa shughuli za kila siku ulipungua zaidi katika vijiji hivyo. Kenya ina watu wa kuifanya kazi kama hiyo, kwani tangu Septemba 2023 serikali imewaweka takriban wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wanaoingia majumbani. Na Malindi yenyewe imewahi kuona kazi ya kuwafuata watu waliko mitaani badala ya kuwangoja hospitalini: Omari Project imekuwa ikiwasaidia watumiaji wa heroini mjini hapa tangu miaka ya 1990.

Hofu ya wageni na hofu ya wanaokujua

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa zaidi kati ya njia hizi mbili, nayo haimo katika takwimu. Mandhari za miwani zilizotengenezwa Ulaya zinamzoeza kijana kuketi kati ya watu asiowajua, kwa sababu hiyo ndiyo hofu ya mtu wa London au Rotterdam anayepanda basi asubuhi. Kijana wa Malindi hana wageni wengi wa kuwaogopa. Anawaogopa wanaomjua. Anamwogopa jirani aliyemwona siku alipokimbia barabarani bila viatu, muuza duka aliyeitwa kusaidia kumshika, mwalimu wa madrasa, na binti wa mtaa wa pili aliyesikia yote. Akitokeza tu, swali la kwanza litakuwa, "Umepotea sana, ulikuwa wapi?" na hakuna programu ya Oxford itakayomfundisha kulijibu.

Zaidi ya hayo, mwenye shuku hujilinda kwa namna ambazo humzidishia shuku. Huvuta kofia hadi machoni, hupita vichochoro vya nyuma, hukwepa kuwatazama watu na, kubwa kuliko yote, hasalimii. Katika mji ambao mtu hawezi kuvuka mitaa miwili bila kutoa na kuitikia salamu, asiyesalimia hutazamwa mara mbili, naye akiona ametazamwa mara mbili hupata ushahidi aliokuwa akiutafuta kwamba watu wanamsema. Miwani inaweza kumsaidia kuiacha kofia na kuinua macho. Katika hilo ni hodari. Lakini salamu inayoitikiwa na mtu halisi, tena kwa jina lake, haina mbadala wa kompyuta, na msindikizaji mwenye busara ataanza na hiyo. Atachagua mtu mmoja aliye mpole, labda mzee wa kahawa au kinyozi wa jirani, atamwendea kabla kumweleza asiulize maswali mengi, kisha atapita hapo na kijana saa ya watu wachache, watoe salamu na waondoke. Siku nyingine wataketi. Jibu la "umepotea sana" nalo huandaliwa nyumbani mapema, liwe fupi na la kweli kwa kiasi anachotaka yeye mwenyewe, kwa mfano, "Nilikuwa naumwa, sasa Alhamdulillahi najisikia afadhali."

Kuna wanaopendekeza mandhari za miwani zitengenezwe hapa hapa kwa kamera inayopiga picha pande zote: soko la Malindi, stendi ya matatu, foleni ya zahanati. Wazo ni jema na halihitaji utaalamu mkubwa, ila ifahamike kwamba video ya namna hiyo haimjibu mtazamaji. Waliomo hawageuki anapowakaribia wala hawaongezeki kwa amri ya mhudumu, na kwa hiyo ile faida ya kupima hofu kidogo kidogo hupungua sana. Isitoshe, wapita njia waliopigwa picha bila ridhaa wana haki ya kulalamika.

Kinachomzuia ndani ni nini?

Kabla ya kuchagua kifaa au mtu, familia inapaswa kulijua jibu la swali hili, na njia ya kulijua ni kumuuliza kijana kwa upole na kusikiliza bila kumkatiza. Mama akisema, "Mwanangu, ukifikiria kutoka hadi dukani, ni lipi linalokurudisha?" majibu huangukia pande tofauti.

Akisema anahisi watamdhuru, watamcheka au wanamsoma mawazo, au kwamba moyo humwenda mbio akifika mlangoni, kinachomfunga ni hofu, na hapo miwani ina nafasi yake. Nafasi hiyo ni kubwa zaidi kadiri hofu ilivyo kali, kama matokeo ya gameChange yalivyoonyesha. Kijana aliyeshindwa kabisa kutoka na msindikizaji, na ambaye ziara tatu au nne za nyumbani zimeishia uani, anaweza kuanza na wiki sita za miwani ili mlango ufunguke, kisha msindikizaji aendelee naye mara moja. Kuziacha wiki kadhaa zipite katikati ni kuipoteza faida ambayo tayari tumeona kwamba hufifia.

Akisema hana hamu, kila kitu ni kizito na haoni sababu ya kutoka, tatizo si hofu. Huenda ni dalili za maradhi yenyewe, zile za kupungukiwa na ari na hisia, au ni sononi, au ni dawa zinazomlaza. Mambo hayo aulizwe muuguzi au daktari anayempa dawa, wala familia isizipunguze yenyewe. Gharama ya miwani kwa kijana huyu siioni ikirudi. Anahitaji jambo dogo lenye saa maalumu na mtu wa kumngoja.

Na akisema, "Nitoke niende wapi?" basi amesema ukweli wa mji mzima. Kijana aliyeacha chuo au kupoteza kazi akiwa na miaka 20 hana pa kwenda hata akiwa mzima, na hofu yake ikitibiwa yote ataishia kwenye kibanda cha muguka, majani ya kutafunwa yanayochangamsha mwili. (Kaunti ya Kilifi ilipiga marufuku muguka Mei 2024, na kesi zikafuata mahakamani, lakini kwa mwenye saikosisi shauri si la kisheria bali la usingizi na wasiwasi, ambavyo kichocheo hicho huviharibu.) Kwa huyu, tiba ni kazi. Mpango wa Marekani ulioasisiwa na Robert Drake na Deborah Becker, wa kumwingiza mgonjwa kwanza katika kazi halisi anayoitaka na kumsaidia akiwa humo humo, badala ya kumfundisha kwa miaka kabla ya kumtafutia, umejaribiwa mara nyingi, na wanaoupitia hupata ajira kwa kiwango cha mara mbili hivi ya wenzao. Hapa tahadhari ni ya msimu. Kazi za hoteli Malindi na Watamu huja na kaskazi na kukatika mvua kubwa zinapoanza, na kijana aliyepangiwa kupona kwa kutegemea hoteli ataachishwa kazi Aprili bila kosa lake, kisha atajilaumu. Gereji, kinyozi, duka la jumla, shamba la Ganda au kazi ya kutengeneza nyavu haviyumbi namna hiyo.

Kwa wale ambao sauti zenyewe ndizo zinazowakataza kutoka, ipo tiba ya tatu ambayo huchanganywa na hizi. Huitwa AVATAR, na ilibuniwa na Julian Leff wa Uingereza: mgonjwa hutengenezewa sura ya ile sauti kwenye skrini, akazungumza nayo huku mtaalamu akiiongoza ilegee pole pole. Katika jaribio la watu 150 lililochapishwa mwaka 2018 ilizidi ushauri nasaha katika wiki ya 12, na kufikia wiki ya 24 tofauti hiyo ilikuwa imeondoka. Inahitaji mtaalamu hodari sana, na sioni ikifanyika Malindi bila mtu wa namna hiyo kuwapo.

Fedha, joto na umeme

Miwani ya bei nafuu kati ya zile maarufu, Meta Quest 3S, ilitolewa mwaka 2024 kwa dola 299 hivi, ambazo ni karibu shilingi 39,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Bei hiyo ni ya kifaa kitupu. Programu za tiba zilizofanyiwa majaribio haziuzwi dukani kama michezo, bali hutolewa kupitia vituo vya afya vilivyojiunga nazo, kwa hiyo ndugu aliyeko Milano anaweza kuleta miwani ambayo ndani yake hamna tiba yoyote, ila michezo ya kupiga mapanga. Kabla ya kununua, aulizwe kwanza: ni programu gani, na nani atakaa kando ya kijana?

Fedha hizo hizo zikigawanywa kwa wiki 39, yaani miezi tisa ya tiba ya akina Fowler, zinatoa shilingi 1,000 kila wiki. Hiyo ni nauli ya tuktuk ya watu wawili kwenda na kurudi siku kadhaa, chai na mahamri, na kitu kidogo cha kumshukuru binamu anayejitolea. Haimlipi mtaalamu, na hilo ndilo pengo lake. Lakini binamu mwenye subira anayeelekezwa mara moja kwa mwezi na muuguzi wa afya ya akili anakaribia zaidi kile kilichofanyika Sodo kuliko miwani iliyowekwa kabatini.

Mambo ya mazingira nayataja kwa ufupi. Miwani huvaliwa usoni, na kwa joto la Malindi mwezi wa Machi jasho huingia kwenye lenzi baada ya dakika chache, hivyo chumba chenye feni ni lazima, na kikundi kinachoshiriki kifaa kimoja kiwe na vitambaa vya kufutia baada ya kila mtu. Umeme ukikatika si tatizo kubwa, maana betri hukaa saa mbili hivi na kikao ni nusu saa. Baadhi ya watu hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, na hao waanze wakiwa wameketi. Lililo zito zaidi ni kifafa. Watengenezaji hutahadharisha kwamba picha za miwani zinaweza kuamsha degedege kwa wachache, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust mjini Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba kifafa kimeenea sana katika kaunti hii. Kijana aliyewahi kuanguka, hata utotoni, asivishwe miwani kabla ya daktari kukubali.

Wasichana, na waganga

Nilivyoeleza hadi hapa huenda msomaji amemwona kijana wa kiume, na kwa kweli njia ya msindikizaji huwafaa wavulana kwa urahisi zaidi. Binti wa miaka 19 hawezi kutembezwa mtaani na mhudumu wa kiume, na familia nyingi hazitaruhusu hata kwa mwanamke asiyejulikana. Kwake miwani ina hoja yenye nguvu kuliko kwa kaka yake, kwa sababu kikao kinaweza kufanyika nyumbani, mbele ya muuguzi wa kike na dada yake, na mkanda hukaa juu ya mtandio bila taabu. Hata hivyo, jamii atakayorudi haimo katika mkahawa wala baa. Imo katika harusi, matanga, chumba cha ususi na hina, darasa la akina mama na chama cha kila mwezi. Shangazi anayeaminika ndiye msindikizaji wake wa asili, na mafunzo yaelekezwe kwake. Chumba cha hina chenye wanawake watatu ni mwanzo mzuri kuliko harusi ya watu mia, na shangazi akiwa ameshapatana na mwenyeji kwamba binti anaweza kuondoka wakati wowote bila kuulizwa, nusu ya hofu imeshapungua.

Kuhusu waganga na mashekhe wa ruqya, yaani kisomo cha kutibu, ambao familia nyingi za Malindi huwaendea kabla ya hospitali, mimi sishauri ugomvi. Jaribio lililofanywa Ghana na Nigeria kwa watu 307, lililochapishwa katika Lancet mwaka 2020, lilionyesha kwamba wagonjwa wa saikosisi walipona vizuri zaidi wahudumu wa afya walipowatembelea na kuwatibu huko huko kwa waganga, kwa makubaliano. Shekhe aliyekubali dawa ziendelee anaweza kuwa mtu wa kwanza wa kumpa kijana nafasi katika safu ya msikitini, na hiyo ni shughuli yenye saa maalumu mara tano kwa siku.

Namna ya kujua kama chaguo linafaa

Njia yoyote itakayochukuliwa, pasiwe na miezi ya kubahatisha. Achukuliwe mtu mmoja wa nyumbani, naye aandike kwenye daftari saa ambazo kijana amezitumia kila siku katika jambo lenye mpangilio: kazi, masomo, mpira, kupika, swala ya jamaa, kumpeleka mdogo wake shule. Usingizi na kutazama simu havihesabiwi. Kando yake, kijana mwenyewe aandike namba kutoka sifuri hadi kumi, kuonyesha hofu yake alipotoka siku hiyo.

Baada ya wiki sita namba hizo mbili zitasomwa pamoja na muuguzi. Ikiwa hofu imeshuka lakini saa hazijaongezeka, miwani imefanya kazi yake na haifai kurudiwa. Fedha iliyobaki iende kwa msindikizaji na kutafuta shughuli. Ikiwa saa zimeongezeka lakini hofu iko pale pale, asibadilishiwe kitu, kwa sababu anatoka nayo na mara nyingi hofu huja kupungua nyuma ya matendo. Na ikiwa hakuna kilichosogea, lirudiwe lile swali la mama, maana huenda jibu la mara ya kwanza lilitolewa ili wazee waridhike, na daktari aulizwe pia kuhusu dawa kabla ya mtu yeyote kuandikiwa Milano aongeze kifaa kingine.